Kitalu nyumba kinasumbua? Anza na dalili, dawa baadaye

Mmea ulio ndani ya kitalu nyumba haunyeshewi na mvua, haupigwi na upepo, na nyuki akiufikia ni kwa bahati. Tangu siku nailoni ilipofungwa, kazi hizo zote zimehamia kwa mwenye banda. Ndiyo maana mengi yanayoripotiwa kama magonjwa, ukiyafuatilia hadi mwisho, yanakutwa ni joto, maji au hewa iliyotuama, na dawa iliyopulizwa haikugusa kitu isipokuwa mfuko wa mkulima. Hapa mambo yamepangwa kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu inayokutwa mara nyingi na kushuka hadi zile adimu, kwa hiyo usiruke vipimo vya mwanzo hata vikionekana vya kitoto.

Uwe na vitu vichache karibu: kipimajoto kinachotunza kiwango cha juu na cha chini, kikombe chenye alama za mililita, glasi ya kuonea ndani, kisu kikali, kioo cha kukuzia mara 10 na koleo dogo. Kipimajoto kining'inizwe katikati ya banda, usawa wa vilele vya mimea, tena kwenye kivuli. Kikipigwa na jua moja kwa moja kinasoma joto lake chenyewe, nawe utaanza kupambana na joto ambalo halipo.

## Mmea unanyauka

Jambo la kwanza ni saa. Mmea unaolegea saa saba mchana na kusimama tena jioni si sawa na ule unaokutwa umelegea alfajiri.

Unalegea mchana tu. Majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoyavuta. Hutokea zaidi siku ya kwanza ya jua kali baada ya siku kadhaa za mawingu. Kabla ya kufungua bomba, chimba sentimita 15 pembeni ya shina, chukua udongo kiganjani na uufinyange. Ukimomonyoka, ni mkavu: mwagilia. Ukishikana bila kutoa maji, unatosha: fungua pembeni na milango, weka neti ya kivuli, acha maji. Ukichuruzika kati ya vidole, umezidisha. Kosa kubwa hapa ni kumwagilia kila mmea ukilegea. Baada ya wiki moja mizizi imekosa hewa, na mnyauko wa mchana umegeuka wa kutwa nzima.

Umelegea hata asubuhi. Fuata mpangilio huu:

1. Maji hayafiki. Inua mpira wa matone mbele ya mmea wenyewe uangalie kama kitobo kinadondosha. Ikiwa mimea iliyolegea imefuatana kwenye mstari mmoja, au yote iko mwisho wa mstari, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mipira ya matone huko chini.

2. Maji mengi. Ng'oa mmea mmoja. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu. Uliooza ni kahawia, na ukiuvuta kwa kucha ganda linavuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba katikati. Udongo unanuka bwawa. Punguza maji, inua matuta hadi sentimita 20 au 30, changanya mboji iliyoiva vizuri.

3. Minyoofundo. Mizizi ina uvimbe kama shanga zilizotungwa. Kwenye maharage usichanganye na vinundu vya naitrojeni: kile cha naitrojeni kimebandikwa pembeni na hubanduka kwa kidole, ila uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa. Zao lililomo halitapona. Baada ya kuvuna, toa mizizi yote, lowanisha udongo, tandika nailoni angavu iliyobana kingo zote, na uliache jua liupike kwa wiki 4 hadi 6 msimu wa joto. Zao linalofuata liwe aina yenye ukinzani.

4. Mnyauko bakteria. Mmea wa nyanya, bilinganya au pilipili hoho unalegea ukiwa bado wa kijani, mara nyingi ndani ya siku chache, na majani hayapati nafasi ya kugeuka njano. Kipimo chake ni rahisi na kinafaa kufanywa kwa utulivu: kata kipande cha shina sentimita 5 kutoka chini kabisa, kishike kwa uzi au kibanio, ukitumbukize ncha tu kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia. Weka karatasi nyeusi nyuma ya glasi. Ndani ya dakika chache, kama ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama moshi wa maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato. Maji yakibaki angavu baada ya dakika 10, tafuta sababu nyingine.

5. Mnyauko fuzari. Huja taratibu. Majani ya chini yanageuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, hata nusu moja ya jani. Ukipasua shina kwa urefu, mishipa chini ya ganda ni ya kahawia wakati kiini cha katikati ni kizima.

6. Sababu ndogo ndogo: kiwavi sota aliyekata miche usiku (fukua sentimita 2 au 3 kuzunguka mche, utamkuta amejikunja), au mbolea ya chumvichumvi iliyowekwa ikigusa shina. Miche michanga ikianguka huku shina limebanwa na kuwa jembamba usawa wa udongo, hicho ni kinyausi. Acha trei ikauke juu kabla ya kumwagilia tena, na usitumie tena udongo ule.

Simama hapa: glasi ikitoa moshi wa maziwa, hakuna dawa ya kutibu. Usimwagilie mstari huo, maana maji ndiyo yanayosambaza. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, funga kwenye mfuko, uutoe nje ya banda, usiupeleke kwenye mboji. Safisha kisu, koleo na viatu. Kisha umwite bwana shamba au upeleke sampuli maabara kabla ya kupanda tena chochote cha jamii ya nyanya. Miche iliyobebeshwa kwenye shina lenye ukinzani, au kupanda kwenye mifuko yenye udongo safi iliyotenganishwa na ardhi, ni njia zinazofanya kazi, lakini chagua baada ya kujua kwa hakika ni ugonjwa gani.

## Maua yanadondoka, matunda hayashiki

Kwenye nyanya, tazama kikonyo cha ua. Katikati yake kuna kifundo kidogo kama goti. Ua ambalo halikuchavuka hugeuka njano kuanzia kwenye goti hilo, kisha linakatika hapo hapo kwa kuguswa tu. Ukiona maua mengi yamelala chini yakiwa na nusu ya kikonyo, tatizo ni uchavushaji.

Joto ndilo mtuhumiwa wa kwanza. Kipimajoto kikipita nyuzi 32 hadi 35 mchana kwa siku mfululizo, chavua ya nyanya inakufa. Usiku usioshuka chini ya nyuzi 22 au 23 nao unadhuru, na watu wengi hawauhesabu kwa sababu wamelala. Upande wa pili, usiku ulio chini ya nyuzi 13 unafanya chavua isitoke vizuri. Angalia kiwango cha chini na cha juu kwa siku tano kabla ya kuamua. Dawa ya joto ni hewa: matundu ya pembeni na juu, yakifunguliwa yote, yasipungue moja ya tano ya eneo la sakafu. Banda refu lenye milango miwili tu miishoni huwa tanuri katikati, hata ukiweka kivuli. Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 ifungwe nje, juu ya nailoni. Ikifungwa ndani, joto limeshaingia. Saa za jua zikipungua, itoe. Kivuli kisichohitajika huleta miche mirefu miembamba na vichala vichache.

Sababu ya pili ni kutotikiswa. Ua la nyanya linajichavusha, lakini linahitaji mtikiso ambao nje hufanywa na upepo na nyuki. Gonga waya au kamba zinazoshika mimea kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, walau mara tatu kwa wiki. Hewa ikiwa na unyevu mwingi mno chavua inagandamana. Ikiwa kavu mno haishiki kwenye stigma, ile ncha ya ua inayopokea chavua. Kwa hiyo fungua pembeni kwanza, subiri majani yakauke, ndipo ugonge.

Naitrojeni nyingi ni ya tatu: mashina mazito, majani ya kijani kibichi cha kiza yanayojikunja kuelekea chini, maua machache. Acha urea na samadi mbichi, endelea na potasiamu. Vithiripi, wadudu wadogo sana wa kwenye maua, ni ya nne. Pukutisha ua juu ya karatasi nyeupe; vijiti vidogo vya manjano au kahawia vinavyokimbia ndiyo wenyewe.

Mazao mengine yana sheria zao. Matango ya aina za vitalu nyumba mengi hayahitaji chavua kabisa, ilhali aina za kawaida za shambani zinahitaji nyuki. Soma pakiti ya mbegu kabla ya kulaumu mbolea. Tikiti na maboga yana ua dume na ua jike mbalimbali (jike lina kitunda kidogo chini ya petali). Asubuhi mapema, chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, ondoa petali, pangusa chavua katikati ya ua jike. Ukichelewa hadi mchana ua limeshajifunga. Stroberi zenye umbo lililoumuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine hazina ugonjwa: kila mbegu ndogo ya juu ambayo haikuchavuka huacha nyama iliyo chini yake bila kukua. Pitisha brashi laini juu ya maua, au fungua pembeni nyuki waingie.

## Kitako cha tunda kinakuwa cheusi

Hili linaongoza kwa kuuziwa dawa za ukungu bila sababu. Doa linaanzia upande ulio mkabala na kikonyo, likionekana kama limeloa maji, kisha linakuwa kahawia, linadidimia na kukauka kama ngozi. Halinuki, mpaka ukungu wa pili uingie baadaye. Nyanya ndefu, pilipili hoho, bilinganya na tikiti hupata zaidi, na kichala cha kwanza ndicho huumia.

Tunda limekosa kalisi. Mara nyingi, hata hivyo, kalisi ipo tele ardhini. Inasafiri na maji tu, na maji yanakwenda kule yanakovukizwa, yaani kwenye majani. Siku moja ya ukavu wakati tunda linakua haraka inatosha. Ndiyo sababu kupulizia kalisi kwenye majani kunasaidia kidogo sana: ikishaingia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda.

Anza na ratiba ya maji. Mmea mkubwa wa nyanya wenye matunda hunywa lita 1 hadi 2 kwa siku, na siku za joto kali huzidi hapo. Mpe kiasi hicho kwa awamu mbili au tatu, ya kwanza asubuhi mapema, badala ya kuumwagia yote kwa mkupuo kila baada ya siku tatu. Tandaza matandazo ya sentimita 5. Kisha punguza urea na salfeti ya ammonia, kwa sababu amonia inashindana na kalisi kwenye mizizi. Potasiamu na magnesi zikizidi nazo hufanya hivyo. Tatu, pima chumvi. Chokaa iwe ya mwisho, na iwekwe tu kama kipimo cha udongo kimeonyesha pH (kiwango cha uchachu) iko chini ya 6. Kama pH ni nzuri na kalisi kweli ni ndogo, tumia jasi, ambayo haipandishi pH.

Matunda yaliyoathirika hayaponi, yachume. Ukirekebisha maji leo, tazama vichala vitakavyofunga kuanzia sasa, usihukumu kwa vile vilivyopo.

Kupasuka kwa matunda ni ndugu wa tatizo hilo hilo: ukavu, kisha maji mengi kwa mkupuo, na ganda linashindwa kutanuka. Mabega ya nyanya yakibaki ya kijani au njano wakati chini kumeiva, ni joto. Tunda lililo juu ya nyuzi 30 halitengenezi rangi nyekundu ipasavyo, kwa hiyo usipunguze majani yanayolifunika.

## Majani yanageuka njano

Uliza njano imeanza wapi.

Ikianza majani ya chini na kuenea jani zima kwa usawa, ni naitrojeni kupungua, au jani limezeeka na kufunikwa na kivuli tu. Ikianza chini lakini mishipa ikabaki ya kijani, ni magnesi, na mara nyingi imesababishwa na mbolea nyingi ya potasiamu. Chumvi ya Epsom gramu 20 kwa lita ya maji, ipulizwe jioni mara mbili au tatu kwa kuachana wiki mbili, huirudisha. Jaribu mimea michache kwanza.

Ikianza juu, majani machanga yakawa njano huku mishipa ikiwa kijani, ni chuma. Hapa watu hukimbilia kuongeza chuma, kumbe kipo: pH iliyopanda juu ya 7, au mizizi iliyozama majini, imekifunga. Rekebisha maji kwanza.

Ukingo wa jani ukiungua kahawia, ni chumvi kuzidi au potasiamu kupungua. Angalia sehemu ya chumvi.

## Majani yanajikunja au kujipinda

Majani ya chini ya nyanya yakijiviringa kuelekea juu kama bomba, yakawa magumu lakini kilele kinaendelea kukua vizuri, hakuna la kufanya. Ni mmea kujikinga na jua, au umepogolewa sana kwa siku moja. Mavuno hayapungui.

Hali ni nyingine kabisa pale kilele chenyewe kinapodumaa: majani machanga madogo, yamekunjika kama kikombe, kingo njano, vifundo vya shina vimekaribiana. Hivyo ni virusi vya kujikunja majani, vinavyoletwa na inzi weupe. Haviponi. Ng'oa mapema, hasa kabla maua hayajaanza, baada ya kuudhibiti mmea kwa kuufunika mfuko, maana ukiutikisa unaondoka inzi wenye virusi na kutua kwa jirani yake.

Kilele kilichokakamaa, kikawa na rangi ya shaba chini ya majani, huenda ni utitiri mpana, ambao ni mdogo kiasi kwamba hata kioo cha mara 10 kinautafuta kwa shida. Majani yenye batobato, sehemu kijani hafifu na sehemu kijani kizito, yanaashiria virusi vinavyosambazwa kwa mikono na visu; shughulikia mimea hiyo mwisho, kisha unawe kwa sabuni.

Kuna sababu moja inayosahaulika sana. Majani mapya yakiwa membamba, yamejisokota kama ya kangaga, na hali iko kwenye matuta yote yaliyopata samadi au mboji ileile, shuku kiuagugu (dawa ya kuua magugu) kilichopita kwenye malisho, kikapita tumboni mwa ng'ombe, kikabaki kwenye samadi. Kipimo: jaza vyungu vitatu kwa samadi hiyo iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo safi, na vitatu kwa udongo safi peke yake, panda maharage matatu kila chungu, subiri wiki tatu. Maharage ya samadi yakijisokota na mengine yakawa sawa, usiitumie samadi hiyo kwa mboga.

## Madoa na ukungu

Magonjwa mengi ya ukungu ndani ya banda yanazaliwa alfajiri. Usiku hewa inajaa unyevu. Jua likichomoza hewa inapata joto haraka lakini matunda na mashina bado ni baridi, na maji yanatonea juu yake. Kwa hiyo pembeni zifunguliwe kabla jua halijapanda, hata siku ya baridi, walau kwa nusu saa. Mwagilia asubuhi, usiloweshe majani, acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya mimea, na ondoa majani yote yaliyo chini ya kichala kinachovunwa.

- *Mabaka jani chelewa:* mabaka makubwa ya kijani-kijivu kama jani lililomwagiwa maji ya moto, na asubuhi utando mweupe ukingoni mwa baka upande wa chini. Yanapenda ubaridi na majani yaliyolowa kwa saa nyingi, na yanaweza kumaliza banda kwa siku chache. Hapa usisubiri: ng'oa yaliyoshika, fungua hewa, na upate ushauri wa kiuakuvu (dawa ya kuua ukungu) siku hiyo hiyo.
- *Mabaka jani tangulizi:* duara ndani ya duara, kuanzia majani ya chini. Haina haraka kama ile.
- *Ukungu wa kijivu:* manyoya ya kijivu kwenye vidonda vya kupogolea na petali zilizokufa. Pogoa asubuhi ya siku kavu, ukate karibu kabisa na shina bila kuacha kisiki.
- *Ubwiri unga:* unga mweupe juu ya majani ya matango na maboga. Huu ni tofauti, hauhitaji jani lililolowa. Salfa inaufaa, ila joto likipita nyuzi 30 inaunguza majani, jamii ya matango ni dhaifu zaidi kwake, na mabaki yake yanafupisha maisha ya nailoni.

## Wadudu

Ukiona majani yananata na kufunikwa masizi meusi, angalia chini ya majani ya juu: ni inzi weupe au vidukari. Ukiona nukta nyingi za manjano kama vumbi na utando mwembamba, ni utitiri mwekundu. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe, uone kama nukta zinatembea. Utitiri unafurahia joto na ukavu, na dawa nyingi za wadudu haziuwezi. Zaidi ya hapo zinaua maadui zake, na wiki mbili baadaye umeongezeka. Puliza maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, kisha sabuni ya kuulia wadudu kwa kipimo cha kibandiko chake, jioni, kurudia baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu mayai hayafi.

Njia zenye mikwaruzo mipana angavu ndani ya jani, na vitobo karibu na kikonyo cha tunda, ni kantangaze, yaani viwavi wa nondo wa nyanya. Shikilia jani kwenye mwanga. Kiwavi anaonekana ndani. Chuma majani hayo yafungwe kwenye mfuko mweusi uachwe juani, na utundike mtego wa harufu ya jike.

Ila kabla ya yote hayo, kagua mlango. Neti ya matundu 50 kwa inchi inazuia inzi weupe, lakini mlango mmoja unaoachwa wazi wakati wa kubeba kreti unafuta kazi yote ya neti. Weka milango miwili yenye chumba kidogo katikati, na sheria kwamba haifunguki yote kwa pamoja. Kumbuka pia kwamba neti yenye matundu madogo inapunguza hewa, kwa hiyo eneo la matundu liongezwe. Kadi za manjano zinazonata zitundikwe juu kidogo ya vilele na zisogezwe kadiri mimea inavyorefuka.

Simama hapa: usipulizie dawa banda likiwa limefungwa, na usirudi ndani kabla ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko. Mtu akiumwa kichwa, akatoka mate mengi, akaona ukungu machoni au akatapika baada ya kupulizia, mtoe kwenye hewa safi, mvue nguo, mwoshe ngozi, na mpeleke hospitali pamoja na kibandiko cha dawa.

## Utando mweupe juu ya udongo, mimea inadumaa

Nje, mvua huosha chumvi kwenda chini. Ndani ya banda haiingii, na kila mbolea inaacha kitu. Msimu wa tatu au wa nne ndipo wengi wanaanza kulalamika kwamba "udongo umechoka". Pima kwa kipima chumvi. Kwa kipimo cha maabara, stroberi na maharage huanza kupoteza mavuno udongo ukifika desisimensi 1 kwa mita, pilipili hoho 1.5, nyanya na matango 2.5. Kama maji yako ya kumwagilia yenyewe ni ya chumvi, rekebisha hilo kwanza au changanya na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la banda.

Kuosha: maji ya kina cha sentimita 15, ambayo ni lita 150 kwa kila mita ya mraba, yakipita polepole, hutoa takriban nusu ya chumvi iliyo kwenye sentimita 30 za juu. Fanya banda likiwa tupu, kwa awamu. Kama maji hayapiti kwenda chini, acha. Utaongeza tope tu, na hapo unahitaji mtaalamu wa udongo aangalie mitaro ya chini.

## Mipira ya matone haitoi sawa

Weka kikombe chini ya kitobo kwa dakika 6, zidisha kwa 10: hayo ni maji ya saa moja. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa mstari. Tofauti ikizidi asilimia 15, osha chujio kwanza, kisha fungua miisho ya mipira, maji yatoke mpaka yawe angavu. Kama bado, angalia shinikizo: kila mita moja ya kuinua tangi inatoa bari 0.1 tu, kwa hiyo tangi lililo juu ya tofali mbili halitasukuma mstari mrefu.

Tazama uchafu wenyewe. Ute wa kijani ni mwani, funika tangi lisipate mwanga. Tope la kahawia ni chuma cha kisima. Ukoko mweupe ni chokaa, au ni wewe uliyechanganya naitreti ya kalisi na mbolea ya salfeti au fosfeti kwenye ndoo moja; zinagandana kuwa kama jasi ndani ya vitobo. Zipitishwe siku tofauti.

Simama hapa: usichanganye kamwe asidi na klorini, gesi yake inaua. Usafishaji wa mfumo mzima kwa asidi ufanywe na mtu aliyefundishwa. Na ukihisi mshtuko kidogo ukigusa pampu au bomba la chuma, zima swichi kuu, ondoka kwenye maji, mwite fundi umeme.

## Nailoni na nguzo

Nailoni ikikatika kwa mistari juu ya mabomba ya upinde, bomba la chuma linapata joto na kuiunguza. Paka bomba rangi nyeupe au livike utepe wa sponji kabla ya kuweka nailoni mpya. Tundu dogo: futa, kausha, bandika utepe wa vitalu nyumba pande zote mbili. Nailoni inayopigapiga kwenye upepo ikazwe siku yenye joto la wastani, maana ikikazwa kwenye ubaridi italegea mchana. Ikikunjwa na kupasuka kama karatasi kavu, imekwisha. Kuiziba ni kupoteza utepe.

Mimea iliyofungwa kamba inaning'inia kwenye fremu. Mimea 100 yenye kilo 4 kila mmoja ni kilo 400 juu ya mabomba ambayo huenda yalitengenezwa kubeba nailoni tu. Waya za mazao ziwe na nguzo zake. Ukiona upinde umepinda, weldi imepasuka au nguzo imeinuka ardhini, toa watu ndani, kata kamba za mazao upande huo ukiwa umesimama nje ya mstari wa upinde, na usiingie tena mpaka fundi wa miundo ya chuma aikague, hasa kama upepo bado unavuma.